Stika Kwenye Kona ya Kioo

Nani hapa amewahi kuona onyo, akalielewa vizuri kabisa, halafu akatafuta kitu cha kulifunikia? Msinyooshe mikono. Tutaaibika tu bila hiyo.

Kulikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Alikuwa na kompyuta sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama maiti ya mheshimiwa. Kila akiiwasha, kwenye kona ya kioo kinatokea kiboksi: sasisha mfumo, bure, kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Akamwita mwanawe, msomi, Bachelor ya kompyuta, miaka minne yuko nyumbani anakula ugali na kulaani serikali.

"Mtaalamu, hiki kidude kinataka nini?"

"Notification tu hiyo, mzee. Mashine inawaka? Inaandika? Basi. If it works, don't touch it."

"Mbona kinarudi kila siku?"

"Bonyeza Remind me later, ipotezee."

Mzee akabonyeza miezi mitano. Alipochoka akachukua stika, "Nyumba hii inalindwa kwa damu ya Yesu", akaibandika pale pale konani. Mnacheka? Stika zile tuligawa sisi, Pasaka, mlangoni hapo.

Mwezi wa tisa binti wa mwisho wa mzee akakaa kuomba chuo cha uuguzi. Dirisha la maombi linafungwa saa sita mchana. Stesheneri iko wilayani, mwendo wa nusu siku. Tovuti ikagoma kufunguka: mfumo wako umepitwa na wakati. Binti akabandua stika kwa ukucha. Chini yake: muda wa kusasisha umekwisha.

"Kaka, fanya kitu basi! Si umesomea?"

Msomi akashika mausi, akabonyeza huku na huku. Saa sita ikapita. Binti hakulia. Alisema tu, "Kumbe hujui. Ungesema hujui, ningemuuliza mwingine."

Ndugu zangu, msomi huyo ndiye mliyempa mimbari leo, Jumapili ya Vijana. Binti yuko benchi la tatu, tafadhali msimgeukie. Chuoni kompyuta moja tulishika watu kumi. Nilikariri, nikafaulu. Niliogopa kugusa mashine ya mzee, ikiharibika ajue digrii ni karatasi. Nilikuwa na miezi mitano ya kujifunza, mashine bado nzima, hakuna anayenisubiri. Nililala.

Je, sisi si ndivyo tulivyo? Tunangoja kitu kife ndipo tukibadilishe, na siku kinapokufa kinamwangukia asiyehusika. Halafu juu ya uzembe wetu tunabandika jina la Yesu, tunaita imani. Shame on us. Mimi wa kwanza.

Dirisha la pili linafunguliwa Jumatano. Wazee wa kanisa, kompyuta ya ofisi ni mpya. Tuliiombea hapa mbele, mkaifungia siku hiyo hiyo. Dada yangu msimwombee. Mwenye ufunguo asimame, auweke mkononi mwa binti, sasa hivi, kabla ya sadaka.