Kobe, Nyani na Gari la Kupiga Hendeli

Haya, wenyewe mpo?
— Tupo, twakungoja!
Nianze mwanzo au nianze katikati?
— Anza mwanzo, lakini usikawie huko!
Nitakawia kidogo.
— Tulijua!

Basi hapo kale, lakini si kale sana, kwa kuwa magari yalikwisha kuwapo, katika nchi ya Chamgoi aliishi Kobe. Jina lake Kobe, jina la baba yake Kobe, jina la babu yake Kobe, na alipenda yatajwe yote matatu. Kobe alikuwa na mke, Bi Mwanakheri, na alikuwa na gari. Gari alilipa jina, Mwanajuma. Mkewe yeye alimwita "we" tu.

Mwanajuma lilikuwa gari la zamani. Halikuwa na kitufe cha kuliwashia. Lilikuwa na choki, kijiti cha kuvuta kwa vidole viwili injini ikiwa baridi. Lilikuwa na swichi ya kupunguza taa, nayo ilikuwa sakafuni, ikikanyagwa kwa mguu wa kushoto. Lilikuwa na kioo kidogo cha pembetatu cha kuelekeza upepo shingoni. Lilikuwa na mkono wa bati uliochomoka ubavuni, tap!, kuwaambia walio nyuma kwamba linakata kona. Na mbele kabisa palikuwa na tundu la hendeli, chuma kirefu kilichopinda mara mbili, ambacho mtu alikizungusha kwa nguvu zake mwenyewe mpaka injini iamke. Kruu, kruu, puh! Kruu, kruu, puh! Kisha, Mungu akijalia, tuku-tuku-tuku-tuku.

Kobe alilipenda kila dude la gari lile, ingawa asingekubali hata mimi niliite dude. Alisema magari ya siku hizi mtu hayaendeshi, anabebwa kama gunia la viazi. Alisema choki ya Mwanajuma ukiivuta, unaisikia inakuitikia. Alimwambia hayo kila aliyepita njia ile, na waliokuwa wakipita njia ile wakaanza kupita njia nyingine.

Na ukweli usemwe. Mwanajuma lilikawia sana kupata moto, na Kobe alikwisha gundua kwamba akienda sokoni kwa miguu, kwa miguu yake ile ile mnayoijua, atafika, atanunua mchicha na atarudi gari lingali linatetemeka uani. Kwa hiyo alikwenda sokoni kwa miguu. Mwanajuma lilifutwa vumbi asubuhi, likafutwa vumbi jioni. Alasiri Kobe na mkewe waliketi ndani yake, gari limesimama, wakanywa kahawa. Kobe aliuchomoa mkono wa bati, tap!

"Tunakata kulia," alisema.

"Kata basi," alisema Bi Mwanakheri. "Kahawa inapoa."

Na hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, na Kobe hakutaka mengine.

Sasa, katika nchi hiyo hiyo alikuwapo Nyani Dume. Nguvu alikuwa nazo. Mashamba alikuwa nayo. Magari alikuwa nayo matatu, mapya, yanayosema yenyewe: "Funga mkanda, Mheshimiwa." Aliyaendesha kwa kidole kimoja, huku mkono wa pili umeshika hindi la kuchoma. Lakini alikuwa na maradhi: alichokiona kwa mwenzake kilimwasha viganja.

Siku moja akachungulia uani kwa Kobe. Hakutoa shikamoo.

"We mzee! Hicho kidude ni nini?"

Kobe angalinyamaza, hadithi ingalikwisha hapa na nyinyi mngalikwenda zenu. Lakini Kobe hakuweza kusikia kitu kikiitwa kidude.

"Si kidude. Ni hendeli."

"Na hicho kijiti?"

"Si kijiti. Ni choki."

"Na hako kamlango ka panya?"

"Ka panya! Ni kioo cha pembe, bwana, cha upepo!" Kobe akafungua, akafunga, akafungua, akaeleza mpaka kivuli cha nyumba kikahama.

Nyani alimeza mate. Viganja vilikwisha anza kumwasha. "Na lini ulilitembeza mara ya mwisho?"

"Mwaka juzi, msimu wa vuli," alisema Kobe. "Siku ya Jumanne."

Bi Mwanakheri alimfinya shingo, lakini neno lilikwisha toka.

Kwa nini alimfinya? Kwa sababu sheria ya Chamgoi ilikuwa hivi: kitu kikilala misimu minne bila kutumika, yeyote anaweza kukiomba mbele ya baraza. Mwenye kitu humfundisha mwombaji na kumjibu lolote atakaloulizwa, wala hafichi. Mwombaji akiweza kukitumia, ni chake. Akishindwa, mwenyewe hujaribu papo hapo. Naye akishindwa, kinavunjwa, kinafuliwa majembe.

Kesho yake asubuhi baraza likakaa chini ya kilima cha Tingwe. Mwanajuma lilisukumwa mpaka pale. Mfua majembe alikuja na nyundo yake, akaketi karibu, akilitazama gari kama mtu anayetazama sahani ya wali. Bibi Kanga, mkuu wa baraza, akasema:

"Nyani, ukilifikisha gari hili juu ya kilima, ni lako. Kobe, mfundishe. Ukificha neno, ni lake pia. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Kobe alitaka kunyamaza. Alitaka Nyani asijue hata mlango unafunguliwa upande gani. Lakini lipo jambo la aibu, nami sina budi kulisema: kwa ndani, alifurahi. Miaka mingapi ametafuta mtu wa kumsikiliza! Na leo sheria imempa mmoja, ambaye hawezi kuaga na kusema ameacha chungu jikoni.

"Haya, mzee," alisema Nyani. "Tunaanzaje?"

Kobe akakohoa. "Tuanze na petroli. Petroli, bwana mkubwa, hukaa nyuma, hupita katika bomba la shaba, nalo bomba hilo lina koki, na koki hiyo..."

Akasema, akasema. Nyani akala hindi la kwanza.

"Yatosha?" aliuliza Kobe.

"Yatosha! Lingine!"

"Ufunguo. Ufunguo huu hauwashi. Ufunguo huruhusu. Kuna tofauti ya kuwasha na kuruhusu, nayo ni kama ifuatavyo..."

Akasema, akasema. Nyani akala hindi la pili.

"Yatosha?"

"Yatosha, yatosha! Lingine!"

Bi Mwanakheri, aliyekuwa amesimama nyuma ya mumewe, alimfinya. "Funga mdomo, we mzee," alinong'ona. "Unampa gari letu kipande kwa kipande."

"Sheria," alinong'ona Kobe. "Bwana mkubwa, sasa choki. Choki huvutwa nusu asubuhi ya baridi, robo asubuhi ya joto, na asubuhi ya manyunyu..."

Hapo Bi Mwanakheri akamtazama Nyani. Akamwona anapiga mwayo. Akamwona anakuna mbavu. Akamwona anatazama kilima, hatazami choki. Akaacha kufinya. Akamsogelea mumewe sikioni, akasema kwa sauti tamu ambayo Kobe hakuwa ameisikia tangu siku ya harusi:

"Eleza, mume wangu. Eleza polepole. Usiruke kitu."

Loo! Kobe alivimba kwa furaha mpaka gamba likambana. Akaeleza choki ya asubuhi ya manyunyu. Akaeleza choki ya asubuhi ya ukungu. Nyani akaivuta yote mpaka mwisho, fyuu!, na kupiga kelele:

"Yatosha! Nimejua! Hicho chuma nizungushe, nikomeshe porojo!"

"Hendeli," alisema Kobe. "Hendeli, bwana mkubwa, ina jambo moja la kidole gumba. Lakini huwezi kulielewa la gumba kama hujui kwa nini injini hurudisha teke, na ili kujua hilo inatubidi turudi kwenye petroli..."

"Turudi wapi? Sirudi!"

"Limebaki la gumba, bwana mkubwa."

"Silitaki!"

"Ni refu kidogo, lakini limebaki la gumba."

"Mzee, nitakubeba nikutupe mtoni! Silitaki la gumba!"

Bibi Kanga akauliza, "Nyani, unalikataa la gumba?"

"Nalikataa!"

"Baraza mmesikia?"

"Tumesikia!"

Nyani akaikamata hendeli kwa ngumi nzima, vidole vinne juu, gumba limezunguka chini, vile vile anavyokamata hindi. Akavuta pumzi.

Kruu!

Kruu!

PAA!

Injini ikarudisha teke. Hendeli ikazunguka kinyume kama nyumbu aliyeumwa na nyuki. Nyani akapaa, akashuka, akapaa tena. "Uwiii! Mama wee! Kidole changu!" Gumba lilivimba likawa kama ndizi mbivu.

"Amenificha!" alilia Nyani. "Bibi Kanga, mzee huyu kanificha!"

"Alitaka kukwambia," alisema Bibi Kanga. "Nawe umekataa kwa kinywa chako. Nenda kaweke kidole kwenye maji. Kobe, zamu yako."

Zamu yako! Neno hilo Kobe hakuwa amelifikiria. Mfua majembe alisimama, akatemea mate viganja.

Kobe akaishika hendeli. La gumba halikumpa taabu, kwa kuwa hakuumbwa nalo. Akaegemeza gamba, akasukuma. Kruu, kruu, puh! Akasukuma tena. Kruu, kruu, puh! Harufu ya petroli ikajaa uwanjani. Mfua majembe akasogea hatua moja.

"Tatizo," alisema Kobe akihema, "laweza kuwa mojawapo ya mambo kumi na manne. La kwanza..."

Mfua majembe akasogea hatua ya pili. Kobe akaangalia nyundo, na akili zote kumi na nne zikamtoka. Akasimama, hendeli mkononi, macho yamemlowa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema.

Bi Mwanakheri alikwisha panda kwenye kiti chake. Alinyoosha kidole kimoja, akairudisha ndani choki ambayo Nyani aliiacha imevutwa yote, ikiinywesha injini petroli kupita kiasi, tki. Akafungua kioo cha pembe ili harufu itoke. Akangoja kidogo. Kisha akamfanyia mumewe ishara ya kichwa: zungusha.

Kruu, kruu... tuku! Tuku-tuku! Tuku-tuku-tuku-tuku!

Kobe akarukia usukani, au tuseme alipanda, na watu wakamsubiri. Gari likaanza kupanda Tingwe. Tuku-tuku. Wakaupita mti mmoja. Tuku-tuku. Wakapitwa na Konokono, aliyewapungia pembe zote mbili. Tuku-tuku, jua likiwa kichwani, wakafika juu.

Baraza zima lilikuwa limekwisha fika huko, likicheza na kuimba.

"Kobe mjanja! Kobe mjanja! Kamchosha Nyani kwa maneno, makusudi!"

Kobe akafumbua mdomo awasahihishe. Hakuwa amemchosha mtu makusudi. Alikuwa anaeleza tu, na alidhani anaeleza vizuri. Na aliyeona mlango wa kutokea alikuwa ameketi kiti cha kushoto, akijifuta kidole kilichoirudisha choki. Kobe akamtazama. Bi Mwanakheri alitazama mbele, hamwoni mtu.

"Ndiyo," alisema Kobe. "Makusudi."

Na hicho ndicho kitu pekee, katika maisha yake marefu, alichokiita kwa jina lisilo lake.

Hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba mwenye la kusema aseme kwa ufupi. Kwamba vitu vya zamani havina faida, bora kuvitupa tununue vipya. Na kwamba wake zetu tusiwaache wakaribie magari.

Mimi hapa ndipo ninapoegesha.
— Shusha, shusha, tumefika!
Nilikuwa nimebakiza moja la breki...
— Hatulitaki!
Haya. Baraza mmesikia.