Kelele Alizozitoa Ngwali

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na baba!

Na baba alikuwa na nini?

Alikuwa na watoto!

Basi alikuwa na kazi. Haya, kaeni vizuri. Wewe hapo nyuma, liache sikio la mwenzio, si lako hilo.

Hapo kale palikuwa na mtu akiitwa Ngwali, fundi wa kuchonga vinu. Mkewe aliitwa Mize, na walikuwa na watoto watatu. Faki, mkubwa wao, ndiyo kwanza meno ya mbele yalikuwa yanang'oka. Kazija alikuwa binti wa katikati, mdomo wake haulali. Na Shaame ndiye mdogo, akichoka kutembea anatambaa, akichoka kutambaa analia.

Mize alikuwa mja mzito. Siku zake zilipokaribia, akafunga mzigo aende kwa mama yake, kama ilivyo desturi, akajifungue huko na akae mpaka arobaini itimie.

Akamuuliza mumewe, "Baba Faki, niende nao watoto?"

"Uende nao wapi? Nenda kapumzike," akasema Ngwali. "Kulea watoto kuna nini? Wale, walale, basi."

Mize akamtazama. Akasema jambo moja tu: "Ikifika magharibi waingize ndani. Na wakati huo ukiwa kizingitini, usiseme ovyo. Si kila apitaye saa hizo ni mtu."

"Nimesikia," akasema Ngwali.

Alisikia, ndiyo. Kusikiliza ndiko hakukuwamo.

Basi Mize akaenda zake, na Ngwali akabaki na kazi aliyoiona nyepesi. Jua halijapanda, Faki yuko juu yake: "Baba, kwa nini jogoo hana meno? Baba, kwa nini moshi hauna njaa? Baba, kwa nini?"

Kazija naye: "Baba, mwone Faki! Amechukua kanga ya mama! Baba, mwone huyo!"

Na Shaame ameshika mguu wa babake, kamasi mpaka kidevuni: "Baba, nibebe!"

Baba, kwa nini. Baba, mwone huyo. Baba, nibebe. Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo. Uji ukaungua. Wali ukaja na mawe. Nguo zikaanikwa na matope yake. Ngwali akienda chooni, wanamngoja mlangoni wote watatu, na Faki anauliza kwa nini amekawia.

"Nyamazeni!" ndiyo ilikuwa salamu yake, na ndiyo ilikuwa kwaheri yake.

Siku moja Ngwali alikuwa akimalizia kinu cha bi harusi. Kinu kizuri, cha mti mgumu, kimebaki kulainishwa mdomo tu, na wenyewe watakuja kukichukua. Ameshika patasi, anapiga polepole, pumzi ameibana.

"Baba, kwa nini kinu hakina mkia?"

"Baba, mwone Faki! Kanga ya mama ameifunga tumboni! Baba, mwone huyo!"

"Nyamaza, Kazija! Kanga na iwe kanga!"

"Baba, nibebe!" Na Shaame akamrukia mgongoni.

Patasi ikateleza. Kinu, pwaa! Kikapasuka juu mpaka chini.

Ngwali akakitazama. Akawatazama watoto. Akakaa chini, akatamani kulia, ila hakujua alie mbele ya nani. Wakati huo jua lilikuwa linazama. Akasimama kizingitini, akapiga kelele nje:

"Yarabi, nani atanichukulia kelele hizi? Nani atanichukulia? Nani?"

Sauti ikajibu kichakani: "Mimi nitachukua. Umetoa?"

Ngwali akadhani ni jirani yake, Mzee Dadi, aliyezoea kumtania. Akasema kwa ghadhabu, "Nimetoa!"

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu!"

"Hutadai?"

"Sidai! Chukua uende zako!"

Kichaka kikatikisika. Ukapita upepo wenye harufu ya majivu, ukaingia ndani, ukatoka. Halafu kimya.

Ngwali akaingia. Watoto wamekaa mkekani, wanafungua midomo na kuifumba kama samaki, na hakuna kinachotoka. "Alhamdulillahi," akasema Ngwali, "leo wamechoka." Akala chakula kingali moto, kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke. Akalala usingizi mnono. Mwanamume yule! Hakujiuliza hata kidogo.

Kesho yake kimya. Keshokutwa kimya. Ngwali akapata gogo jingine, akachonga kinu kingine kizuri kuliko cha kwanza. Hakuna kwa nini, hakuna mwone huyo, hakuna nibebe. "Watoto wangu wamepata adabu," akawaambia majirani, na kifua amekitoa mbele.

Siku moja alikuwa uani, amewapa watoto mgongo, anasugua kinu. Akasugua, akasugua, akasugua. Alipogeuka kutafuta kitambaa, ndipo akamwona Shaame.

Shaame alikuwa amekaa katika njia ya siafu. Siafu wamempanda miguuni, tumboni, mpaka shingoni. Mdomo umefunguka wote, machozi yanachuruzika, na sauti hakuna. Faki na Kazija wanambandua siafu kwa vidole vyao, wanaruka, wanampungia baba yao mikono. Muda wote huo walikuwa wanampungia mgongo.

Ngwali akatupa kinu. Akamnyakua mtoto, akambandua siafu mmoja mmoja, akamwosha, akampaka mafuta, naye mwenyewe analia kwa sauti kubwa. "Nimefanya nini? Mimi nimefanya nini?" Hapo akakumbuka magharibi, na kichaka, na sidai.

Akamfunga Shaame mgongoni kwa shuka, akawashika Faki na Kazija mikono, wakaingia msituni. Hawakwenda mbali, wakasikia: "Baba, kwa nini? Baba, mwone huyo! Baba, nibebe!" Wakazifuata sauti mpaka kwenye pango, na mlangoni mwa pango limekaa zimwi. Lina jicho moja, kucha kama mundu, na mapajani limepakata mtungi uliofunikwa kwa jani la mgomba.

"Nirudishie kelele za wanangu," akasema Ngwali.

Zimwi likacheka. "Ulisema hudai."

"Nilisema kwa hasira."

"Hasira au si hasira, ulitoa. Na mimi nina kazi nazo. Nitafungua mtungi huu kando ya vijiji. Mama gani atasikia mtoto akilia msituni asije mbio? Nitakula mpaka nichoke."

Ngwali hakuondoka. Akasema, "Za wenyewe zina wenyewe. Nitakaa hapa mpaka unipe."

"Haya," likasema zimwi, "kama ni zako, zijue. Nitatoa vilio vitatu. Niambie nani analia, na analilia nini. Ukikosa kimoja, sauti zinabaki, na wewe unabaki, na hawa wanabaki."

Likafunua jani kidogo. Kikatoka kilio cha kukatikakatika: nyeh, nyeh, nyeh.

Ngwali hakufikiri hata. Kilio kile kilikuwa kimemtoboa masikio siku zote hizo! "Huyo Shaame. Ana usingizi na hataki kulala. Hapo anavuta sikio lake."

Zimwi likakunja uso. Kikatoka kilio kikali, kirefu, kikanyamaza kidogo, kikaanza tena.

"Kazija," akasema Ngwali. "Na wala halii huyo. Anataka Faki apigwe. Hapo anaponyamaza anasikiliza kama naja."

Zimwi likauma meno. Likafunua jani mara ya tatu. Kikatoka kilio chembamba, cha chini, kama cha mtu aliyejiziba mdomo kwa mkono.

Ngwali akasikiliza. Akasikiliza tena. Kilio kile hakuwahi kukisikia.

"Sema!" likanguruma zimwi.

Ngwali akamtazama Faki. Faki akainamisha kichwa. Ndipo Ngwali akakumbuka jinsi alivyomwambia, siku mama yake alipoondoka, "Wewe mkubwa, wanaume hawalii." Basi mtoto alikuwa analia kwa kujificha.

"Huyo ni Faki."

"Analilia nini?"

Hapo Ngwali akakwama. Angejuaje? Maswali mangapi ya mtoto yule ameyajibu kwa nyamaza? Zimwi likainuka, likanyoosha kucha.

Na ghafla, miongoni mwa makelele yote aliyoyachukia, likamjia moja: "Baba, mwone Faki! Kanga ya mama ameifunga tumboni!"

Akapiga goti, akapandisha shati la Faki. Kanga ya Mize ilikuwa pale, imefungwa fundo, imechakaa kwa kulaliwa.

"Anamlilia mama yake," akasema Ngwali. "Tangu siku ile. Nami niliambiwa, sikusikiliza."

Mtungi, pwaa! Ukapasuka juu mpaka chini. Sauti zikaruka zikaingia kwa wenyewe, na zote zikalipuka pamoja, za siku zile zote zilizofungwa:

"Baba, kwa nini zimwi lina jicho moja? Linakonyezaje? Kwa nini?"

"Baba, mwone Faki, ananikanyaga! Baba, mwone zimwi, halijaoga! Mwone huyo!"

"Baba, nibebe! Nibebe! Nibebe!"

Zimwi likaziba masikio, likalia, likatimua mbio, na huko lilikokwenda halijarudi.

Basi wakarudi nyumbani, na njia nzima ikawa baba, baba, baba. Kichwa kikamgonga Ngwali. Akafungua kinywa aseme "Nyama..." akauuma ulimi wake. Faki akawa analia sasa, waziwazi, naye akambeba begani, mkubwa vile vile alivyo.

"Lia, mwanangu," akamwambia. "Na mimi nimemkumbuka."

Msidhani alibadilika akawa malaika. Uji uliungua tena, na alikasirika tena. Lakini alikasirika huku anasikiliza.

Arobaini ilipotimia, Mize akarudi na mtoto mchanga. Hajatua hata mzigo, Kazija keshamrukia.

"Mama, mwone baba! Alitugawa kwa zimwi!"

Mize akamgeukia mumewe polepole. "Baba Faki?"

"Kelele tu, mama Faki," akasema Ngwali, macho chini. "Watoto niliwabakiza."

Na yule mchanga akaanza kulia. Ngwali akampokea kabla hajaambiwa, akainama kumsikiliza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia aende nayo kwao, aliyesinzia abebwe akalale.

Na funzo lake ni hili: kelele za mtoto ni maneno yake. Mzazi, choka ukichoka, kasirika ukikasirika, lakini sikiliza.