Kwa Nini Nyota Hulikumbatia Neno

Mmeniuliza kwa nini ukiandika neno kwenye simu, ukaliwekea nyota mbele na nyota nyuma, neno lile hunenepa na nyota zenyewe hupotea. Mnadhani ni mambo ya mafundi wa simu. La! Simu imeyakuta. Sogeeni niwaambie yalikoanzia, na msiniharakishe, maana hata mimi nikifika pale penye shoka moyo hunienda mbio.

Zamani hizo maneno hayakuandikwa kwenye karatasi. Yalisukwa. Wanawake wa Mkinduni walichana majani ya mkindu, wakayatia rangi nyeusi, wakasuka ukili, utepe mwembamba wenye herufi ndani yake. Na kwa kuwa chane zote zilichanwa kwa kipimo kimoja, herufi zote zilikuwa na unene mmoja. Neno la hasira na neno la mapenzi yalifanana kama punje mbili za mtama. Ulipopelekewa ukili, ulijua limesemwa nini, lakini hukujua limesemwaje.

Maneno ya posa ndiyo hasa yaliyopelekwa kwa ukili. Wazee waliona kwamba mdomo huongeza chumvi, kwa hiyo mjumbe alikatazwa kutia hata neno lake moja. Alifika, akautoa ukili, akanyamaza.

Basi palikuwa na msichana wa Mkinduni akiitwa Kazija. Alikuwa msukaji hodari, lakini mwenye haya hata akisalimiwa alijibu huku anaangalia vidole vya miguu yake. Aliposwa na Vuai, kijana wa kijiji cha Bondeni, ng'ambo ya kilima. Kazija alimpenda Vuai sana, ila hilo alilijua yeye na bibi yake tu, Bi Mize, aliyemlea.

Siku moja ukaja ukili kutoka Bondeni: NGOJA MWAKANI TUOANE. Vuai alikuwa anajiandaa kwenda nchi ya mbali kukata boriti, apate za kujengea nyumba kabla ya harusi. Kazija akausoma, machozi yakamlenga. Mwaka mzima! Na wangapi wamekwenda kukata boriti wakaoa huko huko?

"Basi mwambie unataka sasa," akasema Bi Mize.

"Bibi! Niseme nataka? Mimi?"

"Hee, mdomo umejaa maji? Haya, suka unavyoweza."

Kazija akasuka kwa namna ya mtu mwenye haya. Hakusema anachokitaka, alisema asichokitaka: MWAKANI SIKUTAKI VUAI. Moyoni mwake uzito wote ulikuwa kwenye neno la kwanza. Sikutaki mwakani, nakutaka leo. Akampa mjumbe Kombo, akajifungia ndani kwa aibu.

Huko Bondeni msomaji alikuwa Bi Chumu, shangazi yake Vuai, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu walio shamba la tatu. Akaunyoosha ukili mbele ya ukoo mzima, akasoma, na uzito akauweka alikoona yeye. "Mwakani SIKUTAKI, Vuai!"

Ukoo ukaguna. Vuai alikwenda nyuma ya nyumba, akachukua shoka lake, akaanza kulinoa. Wenzake wa boriti walikuwa waondoke jioni ile ile.

Kombo akarudi Mkinduni anatweta. Kwa kuwa sasa hakuwa amebeba ukili, ruhusa ya kusema alikuwa nayo. "Mwenzio kaelewa umemkataa. Ananoa shoka. Na akishapita kilima cha pili, hamwoni tena."

Kazija akatoka ndani mbio. Haya zilikuwepo, lakini sasa zilikuwa nyuma yake, hazikuweza kumfikia. Akasema neno la kwanza atalinenepesha. Akachukua chane pana, akasuka MWAKANI nene kama kidole gumba. Ukili ukavimba pale pale ukapinda kama mkia wa nge, na kingo zikaachana.

"Huo hausukiki," akasema Bi Mize. "Herufi haziwezi kubadilika. Tafuta kitu cha kuziwekea pembeni."

Kazija akatazama mkeka aliokalia. Kwenye ncha zake palikuwa na ua lenye miale, ambalo wasukaji waliliita nyota. Nyota haikuwa herufi. Hakuna neno lililoanza kwa nyota wala kuishia kwa nyota, kwa hiyo asingeweza mtu kuisoma kimakosa. Akasuka upya, akaweka nyota moja mbele ya MWAKANI, kama mtu anayenyoosha kidole na kusema, tazama hapa! Kombo akatimua mbio.

Bi Chumu akaiona nyota, akaifikiri. "Nyota hii ni ya kutia nguvu," akasema, na alikuwa amesema kweli. Ila hakuonyeshwa nguvu ziishie wapi. Akazianza kwenye nyota akaenda nazo mpaka mwisho wa ukili. "MWAKANI SIKUTAKI VUAI!" Kuku wakaruka juu ya paa.

"Mara ya kwanza alinikataa," akasema Vuai, "sasa ananikemea." Akafunga mzigo wake.

Kombo aliporudi na habari hizo, Bi Mize alicheka mpaka akashika mbavu, ingawa jua lilikuwa limeanza kushuka. "Mjukuu wangu, umefungua banda hukulifunga! Mbuzi wote wametoka."

Kweli. Kazija akasuka tena, vidole vinakwenda kama mvua juu ya bati. Nyota moja ya kufungua, nyota nyingine ya kufunga. Lakini kwa haraka aliziacha nyota zimesimama mbali na neno, nafasi huku na nafasi huku: * MWAKANI * SIKUTAKI VUAI.

Bi Chumu akautazama ukili huo kwa makini. Nyota ya kwanza akaidhani ni pambo la kuanzia. Ya pili akaikuta imesimama katikati ya njia, MWAKANI upande mmoja na SIKUTAKI upande wa pili. Ni ya nani? Akaona ndiyo inayofungua neno linalofuata. "Mwakani... SIKUTAKI! Vuai." Vuai akajitwika mzigo, shoka begani, akasimama mlangoni kuaga.

Safari hii Kombo alifika Mkinduni akaketi chini, hana hata pumzi. Akaonyesha kwa mikono tu: amesimama mlangoni, shoka begani.

Kazija akaanza kulia. Bi Mize hakumbembeleza. Alimwonyesha jirani yao aliyekuwa anapita na mwanawe mgongoni, amemfunga kwa kitambaa. "Watoto wawili wakisimama katikati ya njia, utajua ni wa nani?"

"Sitajua, Bibi."

"Na yule aliye mgongoni?"

Kazija alikuwa ameshainama kwenye chane. Alisuka nyota, akaifunga kwenye neno papo hapo bila hata upenyo wa sindano, na upande wa pili vivyo hivyo, halafu ndipo akaacha nafasi: *MWAKANI* SIKUTAKI VUAI. Naye Kombo, Mungu ambariki, akainuka.

Alimkuta Vuai ameshaagana na watu, yuko kwenye njia ya kupandia kilima. Bi Chumu akaupokea ukili akiwa amechoka. Kisha macho yakamtoka. Neno moja lilikuwa limekumbatiwa mbele na nyuma, na mengine yamekaa wazi. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Akasoma polepole, kama anayeonja mchuzi.

"MWAKANI... sikutaki Vuai." Akarudia. "Mwakani! Mwakani ndiyo haitaki!" Akapaza ile sauti yake ya shamba la tatu. "Vuaiii! Rudi, mpumbavu wewe! Hataki mwakani, anakutaka sasa! Tupa shoka!"

Wanasema shoka lilianguka kabla Bi Chumu hajamaliza, na Vuai akashuka kilima kwa mbio ambazo Kombo mwenyewe alizionea wivu. Vigelegele vya Bondeni vilisikika Mkinduni. Kazija alivisikia akajificha nyuma ya mtungi, anacheka peke yake.

Harusi ilifanyika mwezi ule ule, nyumba ikajengwa baadaye, na ukili ule ukashonwa katikati ya mkeka wa bibi harusi.

Tangu ukili ule ushonwe, yeyote anayetaka neno lake liwe zito huliwekea nyota mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, zimeligusa bila nafasi. Na kwa kuwa Bi Chumu hakuzitamka nyota, alizipitia kimya na kuacha nguvu tu mdomoni, hata kwenye simu zenu nyota zikishafanya kazi hujiondoa.

Lakini ukisahau kufunga, nyota haiondoki. Hubaki pale pale inaonekana na kila mtu. Msiicheke, wanangu. Inamngoja mwenzake.