Milioni Zilizokatwa na Koma

Tunduma ni mji usio na subira. Malori hupanga foleni kuelekea mpakani hadi mwisho wake usionekane, bodaboda hupenya katikati yake, na wabadilisha fedha humwita mteja kabla hajashuka garini. Katika mji huo Enoka Mbonile, wakala wa forodha, alitaka kuwapiku wenzake kwa kupokea taarifa za mizigo kwa fomu ya mtandaoni. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa na haraka tu, haraka ya kutaka ugali uive kabla maji hayajachemka.

Kazi ya kutengeneza fomu alimpa Restuta, binti wa wakulima wa kahawa wa Mbozi aliyesomea kompyuta. Restuta alikuwa na tabia moja ya kupigiwa mfano: kabla ya kukabidhi kazi, humkalisha mtu wa kawaida mbele yake, akanyamaza, akamtazama anavyohangaika. Safari hii alimkalisha Fides, aliyekuwa akiwauzia chai. Kwenye kisanduku cha thamani ya mzigo Fides akaandika 5,000/= kama sote tuandikavyo kwenye risiti. Mashine ikasoma hadi kwenye koma, ikaishia hapo. Elfu tano ya watu ikawa shilingi tano, na fomu haikulalamika.

"Kaka Enoka, naomba siku mbili," Restuta alisema. "Kisanduku cha thamani kinakata hela za watu."

"Koma tu hiyo, dada! Andika pale juu 'msiweke koma', kesho tunafungua. Nimeshawatangazia."

"Mteja hasomi maelekezo, kaka. Anafuata mkono wake ulivyozoea."

"Watazoea," Enoka alijibu, akageukia simu yake.

Restuta aliandika maelekezo hayo shingo upande. Fomu ikafunguliwa, wateja wakamiminika, na Enoka akatembea mjini kifua mbele kama jogoo aliyewika peke yake.

Miongoni mwa wateja hao alikuwemo Edina, mfanyabiashara wa mchele kutoka Msangano. Yeye na akina mama wenzake walikuwa wamechanga mitaji yao yote, wakajaza lori moja la mchele liende kwa mnunuzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Edina alijaza fomu kwa simu akiwa amesimama kando ya lori. Penye thamani akaandika 48,000,000/=. Fomu ikapokea, na karani wa Enoka, kwa kuiamini mashine, akapeleka nyaraka mbele bila kuzisoma.

Mpakani maofisa wakakuta lori zima la mchele lenye thamani ya shilingi arobaini na nane, fedha isiyotosha hata kununua pipi. Wakalizuia, na walikuwa na haki. Haikupita muda mnunuzi akampigia Edina simu.

"Mayo, mama yangu, mimi nina wateja wananisubiri," alisema. "Mchele usipovuka leo, nachukua wa mtu mwingine."

Edina aliingia ofisini machozi yakimlengalenga. "Enoka mwanangu, mzigo huu ukinirudia nitawaambia nini wenzangu? Kati yao kuna mjane aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho!"

Enoka alifungua mafaili mengine, moja baada ya jingine. Ugonjwa ulikuwa ule ule kwa kila aliyeweka koma. Ikambidi aziombe nyaraka zote zirudishwe, akalipia maegesho ya malori yaliyokwama, akalipa na faini.

Restuta angeweza kusema, "Si nilikuambia?" Hakusema. Huo ndio ukubwa wa mtu, na waliouona siku ile hawakuacha kumsifu. Alikaa na Edina, wakaandika upya nyaraka za mchele, kisha akaenda na Enoka mpakani na kuwaeleza maofisa wazi kwamba kosa ni la fomu, si la mama huyu. Maofisa walilinganisha na ankara, wakaridhika, na lori likavuka kabla mnunuzi hajapata mchele mwingine. Edina alimkumbatia binti yule hadharani, akalia kwa furaha.

Ndipo Restuta akakigeukia kile kisanduku. Hakuona sababu ya kuwafundisha watu kuandika kama mashine. Aliifundisha mashine kusoma kama watu. Ukiweka koma, inakubali. Ukiiacha, inakuwekea yenyewe kadiri unavyoandika. Alama ya /= haiisumbui tena. Na chini ya tarakimu hutokea kiasi chote kwa maneno, ili aliyekosea aone kosa lake mapema.

Edina ndiye aliyeitwa kuijaribu. Aliandika tarakimu moja moja kwa kidole, akasoma kwa sauti, "'Shilingi milioni arobaini na nane.' Jamani! Sasa kinanielewa!" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Enoka alikuwa pembeni, akijumlisha gharama zake za siku ile. Zilitosha kumlipa Restuta mshahara wa mwaka mzima, naye alikuwa ameomba siku mbili tu. Alimgeukia, akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Siku nyingine ukisema tungoje, tutangoja."

Hakika, usipoziba ufa, utajenga ukuta.