Kanda Tatu, Tarumbeta Moja

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mpeane nafasi. Hadithi hii nitaisimulia polepole, kwa maana aliyeisikia haraka aliamua haraka, kisha akarudi kuuliza tena.

Katika milima ya Usambara aliishi mama mjane, jina lake Penina. Mungu alimpa watoto watatu, na kila mmoja akaja duniani na kipaji chake.

Zebedayo, mkubwa, alipewa miguu na subira. Kitu kikipotea, kiwe mbuzi au ufunguo, yeye hakurudi nyumbani mpaka kipatikane.

Kaniki, wa kati, alipewa mikono. Redio iliyokufa ilifika kibandani kwake imefungwa kwa kamba, na ikaondoka ikisoma taarifa ya habari.

Damari, kitinda mimba, alipewa masikio. Mtu akipanda kilima, Damari alimjua kwa hatua zake kabla hajabisha hodi, na akajua kama amebeba mzigo au amekuja mikono mitupu.

Baba yao, Elieza, alikuwa kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya usharika. Alipiga nyimbo zote za ibada, lakini sifa yake ilikuwa ile koncheto. Koncheto ni muziki ambao chombo kimoja husema na bendi nzima huitikia, kama mchungaji na waumini wake. Hiyo ya Elieza aliachiwa na mmisionari wa zamani, nayo ilikuwa na sehemu tatu: ya mbio, ya polepole, na ya mbio tena. Kila Pasaka alfajiri, bendi iliposimama makaburini kulingoja jua, Elieza aliipiga ile sehemu ya polepole, kuwakumbusha walio hai kwamba waliolala wataamka.

Kisha Elieza naye akalala.

Siku ya maziko bendi ilipiga nyimbo, ila koncheto hakuna aliyethubutu kuigusa. Watu wakanung'unika, "Azikweje huyu bila muziki wake?" Kaniki akakimbia chumbani, akafungua kopo la biskuti alimohifadhi baba yao vitu vyake, akakuta kanda imeandikwa ELIEZA, kwa mwandiko wa baba mwenyewe. Akaiweka kwenye redio, akaunganisha na spika. Tarumbeta ikalia, safi kama maji ya chemchemi, na umati wote ukaangua kilio.

Penina peke yake aliinua kichwa. "Huyu si Elieza," alisema.

Zebedayo akamshika bega. "Mama, tulia. Ni majonzi hayo."

Hakutulia. Mlio ule wa spika ulibaki masikioni mwake kama mgeni asiyeaga. Kila alipojaribu kuukumbuka mlio wa mumewe, mgeni yule alitangulia mlangoni. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alikwenda kisimani bila ndoo. Akipiga magoti kusali, Baba Yetu ilimkatikia katikati, akabaki anatazama ukuta. Miaka yote alisali huku tarumbeta ikifanya mazoezi nje ya dirisha, na sasa hakujua kusali kwenye ukimya, wala kwenye mlio wa mtu asiyemjua.

Jioni moja, baada ya ibada ya nyumbani, aliitungua tarumbeta ya Elieza kwenye msumari, akaipakata kama mtoto.

"Wanangu," alisema, "nimempoteza baba yenu mara mbili. Mara ya kwanza Mungu alimchukua, nami sikumlaumu. Mara ya pili nimempoteza masikioni. Naweka nadhiri mbele za Mungu: atakayenifanya nimsikie tena mume wangu, tarumbeta hii ni yake. Nitamkabidhi Pasaka, makaburini, mbele ya bendi."

"Mama, tarumbeta moja na watoto watatu?" Kaniki akauliza.

"Sauti nayo ilikuwa moja," Penina akajibu.

Zebedayo akatoka. Ilikuwa masika, njia za milimani zilikuwa utelezi mtupu, na ukungu ulimfanya mtu asione kisigino chake. Alipita kwa kila mzee aliyewahi kupiga katika bendi. Mmoja alimpa chai, mwingine alimpa hadithi ndefu, wa tatu alidhani amekuja kumposa binti yake. Viatu vyake viliachama, akavifunga kwa kamba za migomba, akaendelea. Mwishoni, kwa mjane wa mpiga tromboni, akaambiwa apande kwenye dari la jikoni. Huko, katikati ya mahindi ya mbegu yaliyokaushwa kwa moshi, alikuta kanda mbili. Moja ilikuwa nzima. Nyingine ilikuwa nyeusi kwa masizi, utepe wake umekatika na kuganda.

Alirudi nyumbani akikohoa, akacheza ile nzima. "Huyu hapa baba!" alisema kwa furaha. "Mama, si ndiye?"

Penina akasikiliza mpaka mwisho. "Sijui," alisema. "Mwanangu, sijui tena." Na kule kutojua kulimwogofya kuliko kifo chenyewe.

Kaniki akaichukua ile kanda iliyoharibika. Alifunga kibanda, wateja wakamtukana mlangoni. Aliifungua kwa bisibisi ndogo kama sindano, akaukunjua utepe kidogo kidogo, akaupangusa masizi kwa pamba, akauunga palipokatika, akauhamishia katika kasha jipya. Hakuna aliyesikia akipiga mluzi siku zile, na Kaniki asiyepiga mluzi ni Kaniki mgonjwa. Maana alikuwa amekumbuka jambo. Baba yao aliandika jina lake kwenye kila kitu alichozoea kuwaazima watu: jembe, ngazi, mwavuli. Vipi kama jina lile kwenye kanda lilikuwa la mwenye mali, si la mpiga tarumbeta?

Alipomaliza, kanda zikawa tatu juu ya meza: ile ya mazikoni, ile nzima ya darini, na ile iliyofufuliwa. Zote zilikuwa na koncheto ile ile, na hakuna iliyojitaja.

Wakazicheza. Nyumba ikawa baraza la ubishi.

"Ya kwanza," wakasema majirani. "Sikieni ilivyo safi!"

"Ya pili," Zebedayo akashikilia. "Ina nguvu. Baba alikuwa na pumzi ya ng'ombe."

"Ya tatu," Kaniki akasema.

"Wewe unasema ya tatu kwa sababu umeishona mwenyewe!"

"Nawe unasema ya pili kwa sababu ulishaitangaza kijiji kizima!"

Damari alivuta kigoda mpaka karibu na redio, akaweka sikio kama mtu anayesikiliza mapigo ya mtoto tumboni. Akazirudia kanda, kila moja pale pale, mwisho wa sehemu ya polepole. Alirudia mpaka majirani wakaaga, mpaka Zebedayo akasinzia. Kisha akasema, "Mama, njoo ukae hapa."

Akacheza ya kwanza. "Huyu anajua kila kitu," alisema. "Noti ya mwisho inakuja wakati wake, kama saa ya ukutani. Hajawahi kusimama nje kwenye baridi. Hii bila shaka ni kanda ya kujifunzia, aliyoachiwa baba na mmisionari."

Akacheza ya pili. "Huyu ni mwanafunzi wa baba. Anaogopa kukosea, anaikimbilia noti ya mwisho kama mtu anayevuka mto. Anampigia baba. Si baba."

Akacheza ya tatu. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, na mvua ilisikika ikipiga bati la kanisa. Tarumbeta ikapanda taratibu, ikafika ukingoni mwa noti ya mwisho, ikanyamaza. Bendi nzima ikanyamaza nayo. Mtu akakohoa. Bado kimya. Ndipo noti ikaja, laini, kama mtu aliyebisha hodi akasikia "karibu".

"Baba alizoea kupiga makaburini, ameelekea bondeni," Damari akasema. "Pale alingoja mlima umrudishie mwangwi kabla ya kumalizia. Hata kanisani, pasipo na mwangwi, aliungoja."

Penina akaziba mdomo kwa khanga. Alijiona tena yeye na Elieza wakiwa vijana, wakirudi kutoka makaburini, yeye akimtania: "Bwana wewe, bendi imeishiwa pumzi. Unamngoja nani pale?" Na Elieza akijibu, "Namngoja aliye ng'ambo, mama. Mtu hasemi peke yake."

"Ndiye," Penina alisema. "Ndiye! Irudie, mwanangu." Na ilipokuwa inarudiwa, akapiga magoti, akasali Baba Yetu mpaka amina.

Mngedhani hadithi imeishia hapo. Lakini nadhiri haichezewi, na Pasaka ikafika.

Alfajiri ile bendi ilisimama makaburini ndani ya ukungu. Penina aliikumbatia tarumbeta, imefungwa kwenye kitenge. Watoto wake walisimama kando ya kaburi la baba yao, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Mimi siombi," Zebedayo alisema. "Ila kanda zisingeshuka zenyewe kutoka darini."

"Ulileta moja ya mtu mwingine na moja iliyokufa," Kaniki akamjibu. "Nani aliifufua?"

"Na nani aliyetuletea mgeni siku ya maziko? Anayezibua kisima alichokichafua hupewa zawadi?"

Kaniki akainama. "Hilo ni kweli, kaka. Lakini mama alipotuambia si baba, nani alimwambia atulie?"

Wote wawili wakamgeukia Damari.

"Damari hakukosea," Kaniki akasema. "Yeye ndiye aliyemtambua."

Damari alikuwa analia. "Nilimtambua tangu siku ya maziko," alisema. "Nilijua spika ile si baba. Nilikuona, kaka Kaniki, unahangaika na nyaya huku watu wote wanakutazama, nikaogopa kukuaibisha. Nikamwacha mama abaki peke yake na ukweli wake."

Mwinjilisti Mbelwa, ambaye sasa ndiye anayeongoza bendi, akasogea na kunong'ona, "Mama Zebedayo, jua linatoka. Tumkabidhi nani?"

Penina akawatazama. Bila miguu ya Zebedayo, mikono ya Kaniki isingekuwa na cha kushona. Bila mikono ya Kaniki, masikio ya Damari yangesikia wageni wawili tu. Bila masikio ya Damari, Elieza angelala mezani katikati ya wageni, na yeye asingemjua. Na kila mmoja wao, kwa namna yake, alikuwa amemsukuma kwenye giza lile kabla ya kumvuta atoke. Tarumbeta haikatwi vipande kama mkate wa meza ya Bwana. Na mtu akishaahidi mbele za Mungu, hawezi kuirudisha msumarini akasema nimesahau.

Akakifungua kitenge. Shaba ikang'aa. Akainyoosha mikono, na tarumbeta ikawa hewani kati yake na watoto wake watatu.

Nami nanyamaza hapa, kama Elieza alivyonyamaza kabla ya noti yake ya mwisho. Mama yule bado amenyoosha mikono, na jua halingoji. Ninyi mlio ng'ambo, nijibuni: tarumbeta apewe nani?