Geti la Simba Wawili

Ndugu zangu, palikuwa na baba mmoja aliyekuwa mfalme. Ufalme wake ulikuwa ndani ya kompyuta, kwenye mchezo wa kujenga mataifa. Jioni moja alikwama: mawe aliyokuwa nayo yalitosha kujenga jengo moja tu la ajabu. Ajenge mnara wa dhahabu, au maktaba kuu?

Nyuma ya kiti alisimama binti yake. Alikuwa ameachishwa shule kidato cha pili, maana mwaka ule baba alikuwa anaweka geti. Geti la chuma, lenye vichwa viwili vya simba. Ukuta haukuwepo, mbuzi wa jirani walilizunguka tu wakaingia. “Geti kwanza,” baba alisema, “mwakani ukuta, halafu wewe.” Hiyo mwakani ilikwisha kupita mara mbili.

“Haya mama, tuchague lipi?”

“Maktaba, baba. Watu wako wakisoma, mnara watajijengea wenyewe.”

“Kichwa hicho! Umenirithi mimi.”

Akajenga maktaba. Haikuchukua wiki, akayashinda mataifa yote. Akamwita jirani kwa kelele. “Njoo uone! Taifa lisilosomesha watoto limejichimbia kaburi. Hata mchezo unajua!”

Jirani akacheka. “Na huyu mshauri wako yuko kidato cha ngapi?”

Baba akakohoa. “Huyu? Huyu ananisaidia hapa nyumbani.”

Binti hakununa. Aliinama akatazama kioo cha kompyuta, mahali watoto wadogo kama punje za mchele walipokuwa wakiingia maktaba, kila mmoja na kitabu chake. Akauliza taratibu, kwa heshima zote:

“Baba, huwezi kuniweka na mimi humo ndani?”

Jirani aliacha kucheka. Nje, mbuzi alilipita geti kwa pembeni.

Msimcheke baba yule. Hakukosa akili. Jibu alilijua, ila akawapa watoto wa picha. Na sisi je? Nani hapa hajawahi kuitikia “Amina” tulipoambiwa elimu ni taa? Tumeinua mnara wa kengele unaoonekana hadi ng'ambo ya mto. Ni mabinti wangapi wanafagia chini yake siku za shule, wakisikia wenzao wakiimba hesabu?

Siku ile ya hukumu, ndugu zangu, hatutaweza kusema hatukujua. Binti yule atakuwa amesimama palepale, nyuma ya kiti.