Simu Kutoka Geti la Mesaimeer

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Maana yake ni kwamba anayesema uongo huweza kutembea nao kwa raha siku mbili tatu, lakini haupiti muda kabla hajakutana uso kwa uso na yule aliyemdanganya. Mutai aliijua methali hii tangu shule ya msingi kule Kericho. Aliwahi hata kuitungia insha, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Lakini kuijua methali ni jambo moja na kuionja ni jambo jingine.

Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili, yapata saa nane na nusu mchana, Mutai alikuwa amesimama jangwani karibu na Zekreet, kilomita themanini hivi magharibi mwa Doha, uso ameuinua juu kama kuku anayekunywa maji. Mbele yake wingu jeusi ti lilikuwa limeziba nusu ya mbingu, na umeme ukiranda ndani yake. Kando yake walisimama wanafunzi wenzake wawili: Virginia, aliyekuwa akisomea uuguzi, na Collins, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kamera. Kwa mwezi mzima walikuwa wakizifukuzia zile dhoruba za ghafla ambazo wenyeji wa Qatar huziita sarayati, na kila mara walifika wakakuta mchanga uliolowa na jua linawaka. Siku hiyo walikuwa wamewahi. Upepo uliwapiga vifuani, mvua ya mawe ikaanza kumwagika, mawe makubwa kama njugu, nao wakakimbilia garini wakicheka kama watoto waliofunguliwa shule.

Gari lilikuwa la Abubakari, dereva wa hoteli mwenyeji wa Tanga aliyeishi mtaa wa Al Thumama na mkewe Hidaya. Miaka miwili nyuma, Mutai alipotua Doha kwa mara ya kwanza na mizigo yake ikapotelea njiani, ni Abubakari aliyemwona ameketi uwanja wa ndege kama yatima, akampeleka kwake, akamvisha kanzu yake mwenyewe na kumlisha siku tatu. Tangu hapo Mutai alimwita kaka, na Hidaya akamwita shemeji.

Asubuhi hiyo alipokwenda kuomba gari, Abubakari alisita. Mimba ya Hidaya ilikuwa imetimia. Siku yoyote ingekuwa siku yenyewe.

"Unakwenda nalo wapi, mdogo wangu?"

"Kanisani tu, kaka. Hapo Mesaimeer. Nabeba vyombo vya kwaya yetu."

Kutoka Al Thumama hadi Mesaimeer, ambako Wakristo wa Doha husali Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, ni mwendo wa dakika kumi na tano. Abubakari alitabasamu, akamrushia ufunguo. "Vyombo vya ibada havinyimwi gari. Ila simu iwe wazi."

Uongo ule ulimtoka Mutai kwa ulimi laini kama mtu anayetoa salamu. Alijua kwamba angelitaja Zekreet, au dhoruba, ufunguo usingetoka mfukoni mwa Abubakari.

Sasa, mawe yakiwa bado yanagonga bati la gari, simu iliita.

"Mko wapi?" Sauti ya Abubakari ilikuwa ya kawaida.

"Tuko hapa tu Mesaimeer, kaka. Ibada imechelewa kidogo."

"Sawa. Mkimaliza msikawie. Huku mbingu imebadilika."

Mutai alikata simu akakutana na macho ya Virginia kwenye kioo. "Ungemwambia ukweli," Virginia alisema. Mutai alicheka, kicheko kisichofika machoni, akawasha gari. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa mrefu, na boneti imejaa vishimo. Moyoni alianza kutunga uongo wa pili wa kuufunika wa kwanza.

Dhoruba waliyokuja kuifukuza iligeuka ikawafukuza wao. Iliwafuata hadi Al Shahaniya, ikawapita, ikaenda kuimwagia Doha. Barabara ikajaa magari yaliyosimama, taa zake zikimetameta kwenye maji. Saa tisa na dakika kumi simu iliita tena.

"Mutai, shemeji yako ameshikwa na uchungu. Bado unakuja na kuacha, nesi amesema kwa simu tusiwe na haraka, lakini nataka tuwe tayari. Mko karibu?"

Mbele yake kulikuwa na mkia wa magari usioonekana mwisho, na kibao cha barabara kilichosema Doha ingali mbali. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema kweli. Maneno yalimfika kooni. Lakini aliona pia uso wa Abubakari, ule uliotabasamu asubuhi kwa ajili ya vyombo vya ibada, na aibu ikamziba mdomo.

"Karibu kabisa, kaka. Tunatoka getini sasa. Dakika kumi na tano."

"Alhamdulillahi," Abubakari alisema, akakata.

"Umefanya nini?" Virginia aliuliza kwa sauti ya chini. "Mpigie. Mpigie sasa hivi, mwambie aite ambulensi."

"Mtoto wa kwanza hukawia. Wewe mwenyewe unasoma hayo."

"Nasoma pia kwamba wengine hawakawii. Nipe simu."

Mutai aliiweka simu chini ya paja lake. Collins alijifanya anafuta kamera. Gari likasogea hatua, likasimama, likasogea hatua. Dakika kumi na tano zilipita, kisha nyingine kumi na tano.

Simu ya tatu ilipoita, Mutai aliipokea. Nyuma ya sauti ya Abubakari alisikia mvua.

"Nimeona mmekawia. Nikasema labda gari limewazimikia kwenye maji. Hidaya nimemwacha na Saada; jirani mwingine amenishusha hapa akapita na safari yake. Nipo getini Mesaimeer. Mmeegesha upande gani?"

Mutai alifumbua kinywa. "Tuko... tuko huku nyuma, kaka."

"Nyuma nimeshazunguka. Nimelizunguka eneo lote mara mbili kwa miguu." Abubakari alihema. "Ngoja, kuna bwana hapa anasema ni mwalimu wa kwaya. Atanielekeza. Ongea naye."

Simu ilibadili mikono. "Mutai? Mimi ni mwalimu Paul. Huyu ndugu amelowa chapachapa, anasema umekuja kubeba vyombo vyetu. Vyombo gani? Kwaya haikukuona leo, wala Ijumaa iliyopita. Uko wapi, kijana wangu?"

Mutai alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Niko barabara ya Dukhan, natoka jangwani," alisema hatimaye. "Sijafika hata Al Rayyan."

Mutai alimsikia Paul akiyarudia maneno hayo taratibu kwa mtu aliyesimama kando yake, kama mtu anayetoa habari za msiba. Alingoja atukanwe, maana tusi lingemponya. Lakini simu ilikatika bila Abubakari kusema lolote.

Walifika Al Thumama jua linazama. Aliyefungua mlango alikuwa Saada, jirani wa Hidaya, mikono bado imelowa kwa kupiga deki. Aliwatazama watatu hao, akalitazama gari lililotapakaa tope la jangwani hadi madirishani, akaelewa yote bila kuuliza.

"Ambulensi nimeiita mimi, mumewe aliponipigia kutoka huko kanisani," alisema. "Kufika kwenyewe imefika kwa taabu, maji yamejaa barabarani. Hidaya amejifungua humo humo njiani. Alikuwa akimwita mumewe, na mumewe yuko getini kwenu anawatafuta nyinyi."

"Mtoto?" Virginia aliuliza.

"Wa kike. Hakulia mwanzoni. Wauguzi wameniambia kwa simu kwamba walimhangaikia mpaka akalia." Saada alijifuta mikono kwenye khanga. "Nendeni hospitali. Hapa hamna mnachokifanya."

Mutai aliingia hospitali peke yake, ufunguo wa gari ukiwa mkononi kama kaa la moto. Alimkuta Abubakari kwenye korido, ameketi, nguo zimemkaukia mwilini, viatu vyake bado vinatoa maji. Mutai alisimama mbele yake.

"Kaka, nisamehe. Gari nitalitengeneza."

Abubakari aliinua macho. Hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Mutai zaidi.

"Gari ni bati," alisema. "Sikiliza, Mutai. Ungeniambia saa tisa kwamba uko barabara ya Dukhan, ningekasirika, halafu ningepiga simu moja tu, ambulensi ikaja mapema, nami ningeingia nayo nimemshika mke wangu mkono. Sikuwa na haja na gari. Nilikuwa na haja ya kujua uko wapi. Mwanangu ameingia duniani, na mimi niko kwenye mvua namtafuta mtu ambaye hayupo."

Mutai alilia hapo hapo koridoni, wauguzi wakipita. Abubakari aliuchukua ufunguo kutoka mkononi mwake, akamwambia aende akabadili nguo asije akaugua.

Siku ya saba ilipofanyika akika ya mtoto, Mutai hakuthubutu kwenda. Jioni Virginia alimletea sahani ya pilau iliyofunikwa vizuri. "Ametoa Hidaya," alisema. "Anasema shemeji asilale njaa kwa kuona haya. Mtoto anaitwa Rukia. Anapumua vizuri, ananyonya vizuri." Mutai alilifunua lile pilau, akalitazama, akalila taratibu mpaka likaisha. Picha za ile dhoruba, ambazo Collins alisema hazijawahi kupigwa nzuri kama zile, hakuna hata mmoja wao aliyeomba kuziona.

Ijumaa iliyofuata alisimama mbele ya kwaya, akawaeleza mwenyewe alivyolitumia jina lao. Kisha akaenda Al Thumama, akabisha hodi. Hidaya alimkaribisha na kumwekea Rukia mikononi. Abubakari alimpa mkono, akamuuliza habari za masomo. Walikuwa wamemsamehe, na msamaha wao haukuwa wa mdomoni.

Hata hivyo, jioni moja miezi kadhaa baadaye, Abubakari alimpigia simu amwombe akampokelee Hidaya dawa.

"Uko wapi, mdogo wangu?"

"Niko bwenini, kaka, nasoma."

Upande wa pili palikuwa na ukimya mfupi, mfupi kiasi kwamba mtu mwingine asingeusikia.

"Kweli?" Abubakari aliuliza.

"Kweli, kaka," Mutai alijibu, na ingawa alikuwa ameketi kwenye kiti chake na kitabu kimefunguliwa mbele yake, uso ulimwaka kwa haya kana kwamba amefumaniwa. Aliinuka, akavaa viatu, akaenda kuichukua dawa akiwa anajua kwamba neno hilo moja ataulizwa kwa miaka mingi, na kwamba hana wa kumlaumu. Kweli, njia ya mwongo ni fupi.